Khanga ya Kifuani

Wiki moja baada ya kumzika mwanawe mchanga, Siwema alikuwa uani akigeuza dagaa wa usipa juani, kifua chake kimekazwa kwa khanga ili maziwa yakauke.

Jirani yake mzee aliingia na mjukuu anayelia. Mama wa mtoto alikuwa amekimbizwa hospitali Mbinga tangu alfajiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hata maji ya kijiko anayatema."

Siwema alitazama magamba ya samaki mikononi mwake. Akanawa polepole, kidole kimoja kimoja, mpaka kilio kikaanza kufifia. Kisha akafungua fundo la khanga.

"Mlete. Ila jina lake usiniambie."

Mtoto alinyonya kwa pupa. Kiganja chake kikashika pindo la khanga iliyolowa, kikatulia hapo.

Usipa ukakauka upande mmoja.

"Bibi," Siwema akasema, "anaitwa nani?"