Jozi Saba

Zilibaki siku mbili kabla ya matembezi ya kupambana na saratani ya matiti. Siwema, fundi cherehani wa kikundi cha wanawake walioyaandaa, alikuwa ameshona jozi saba za matiti ya kitambaa. Katika kila jozi alificha punje moja ya choroko ndani ya pamba, ili wanawake watakaokutana nao njiani wajifunze kuutambua uvimbe kwa vidole.

Bi Mwajabu, muuguzi mstaafu, alizibonyeza moja moja huku wenzao wakikunja fulana.

“Nilikwambia punje uziweke mahali tofauti tofauti, Siwema. Mbona zote ziko titi la kushoto, karibu na kwapa?”

“Nilipitiwa, mama.”

“Na umezishikiza kwa uzi, hazichezi.” Alibonyeza tena ile jozi ya mwisho, polepole. “Ndivyo uvimbe wenyewe unavyokuwa hasa. Nani alikuonyesha?”

Siwema aliinamia cherehani, akaanza kukanyaga.

Bi Mwajabu akainuka. Akaenda kwenye pazia la kona, pale wateja wa Siwema wanapojaribia nguo, akalifungua, akasimama amelishika.

“Njoo, mwanangu.”

Siwema alizidi kukanyaga. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.