Kiti Kina Mwenyewe

"Kiti kina mwenyewe," mwanamume wa dirishani alisema, bila kuinua macho kwenye gazeti lake.

Alikuwa ameshasema hivyo mara tatu asubuhi ile. Mkahawa ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Watu walisimama na vikombe mkononi wakimkata jicho, na mhudumu alimwambia waziwazi kwamba kahawa moja hainunui viti viwili. Yeye aliomba radhi kwa adabu, akaagiza kahawa ya pili, akaiweka upande wa pili wa meza, penye kiti alichokitandikia koti lake.

Mwenye kiti aliingia saa nne na robo, akitembea kama anayehesabu hatua. Alikuwa mwanamke mpiga pasi wa kiwanda cha nguo, au tuseme alikuwa hivyo hadi mwaka uliopita, siku robota la vitambaa lilipomporomokea mgongoni. Kila Jumanne na Ijumaa alifanyishwa mazoezi kwenye zahanati ya ng'ambo ya barabara, kisha alivuka kuja kuupumzisha mgongo kabla ya safari ya nyumbani.

Hawakujuana zamani. Miezi miwili nyuma mwanamke huyo alikuwa amesimama katikati ya mkahawa huohuo, kikombe mkononi, na hakuna aliyempisha. Wengine walikuwa wamekalisha mikoba yao kwenye viti vizima. Ni mwanamume huyu tu aliyeinuka. "Karibu, dada, tubanane," alimwambia, na tangu siku hiyo hakukosa tena pa kukaa.

Mwanamume alikuwa mtu wa kusikiliza. Kuhusu kazi yake alisema tu kwamba ni ya kuzungukazunguka, basi. Lakini habari za mpiga pasi alizitaka zote: analalaje, anafuaje, ngazi za nyumbani anazipandaje. Mume wa mpiga pasi alikuwa ameondoka mwezi wa nne wa maumivu, akisema yeye hakuoa mgonjwa. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amuulize ameamkaje na kungoja jibu. Naye alieleza bila kuficha. Kuna siku hatoki kitandani mpaka mdogo wake amwinue, na kuna siku, akishameza dawa, anaweza hata kubeba ndoo ya maji.

"Hizo siku nzuri ndizo nazipenda," mwanamume alisema. "Nisimulie hizo."

Kuna Ijumaa iliyoangukia siku nzuri. Mtoto wa meza ya jirani alimng'ang'ania sketi, naye akajisahau, akamnyanyua juu, wakacheka wote wawili. Siku mbili zilizofuata alizilipia kitandani. Lakini mwanamume alikuwa ameshatoa simu na kuwapiga picha. Alipomwonyesha, mpiga pasi aliitazama kwa muda. Alikuwa amesahau anafananaje akicheka.

"Umependeza," mwanamume alimwambia.

Nyumbani, mdogo wake alianza kumtania. Alimwona dada mtu akijipaka wanja ili aende zahanati, akamuuliza shemeji analetwa lini. Mpiga pasi alimwambia aache upuuzi. Wanja hakuufuta.

Sasa, mbele ya kahawa aliyoagiziwa, hakuinua kikombe. Mwanamume alimuuliza kulikoni. Akamwambia ni ile kesi. Kiwanda kilikuwa kimekataa kumlipa fidia, kikidai kwamba anajisingizia maumivu, na baraza la kazi lingeisikiliza Jumatano. Aliogopa kusimama mbele ya watu na kuitwa mwongo. Mdogo wake hakuwa amepewa ruhusa kazini, na wakili wake mwenyewe alikuwa na kesi nyingine asubuhi hiyohiyo, angeingia dakika ya mwisho. Hakuwa na hata mtu wa kukaa naye akingoja kuitwa.

Mwanamume alikizungusha kikombe kwenye kisahani, mara moja, mara mbili.

"Nitakuwepo," alisema.

"Usiniahidi kama huna nafasi, kaka."

"Nitakuwepo. Siwezi kukosa."

Jumatano mpiga pasi alifika mapema. Chumba cha baraza kilikuwa kidogo, na mabenchi yalijaa upesi: wafanyakazi wenzake wa zamani, wadai wengine, mafaili magotini. Aliuweka mkoba wake kando yake. Kila aliyeuliza alimjibu kwa haya kidogo kwamba kuna mtu anakuja. Mzee mmoja mwenye mkongojo aliguna, akaenda kuegemea ukuta. Mpiga pasi aliona aibu, akainamisha uso, lakini mkoba hakuuondoa.

Mgongo ulikuwa ukimchoma tangu alfajiri. Kila mlango ulipolia aligeuka, na kila alipogeuka aliuma meno. Saa tatu karani alianza kupanga karatasi. Wanawake wawili wa kiwandani walinong'onezana wakiutazama mkoba, na mmoja akatabasamu kwa huruma.

Mlango ukafunguka, mwanamume wa mkahawani akaingia, amenyoa vizuri, amevaa suti. Mpiga pasi aliuvuta mkoba mapajani haraka, akaipangusa nafasi kwa kiganja, akasogea ili mwenzake ajisikie huru.

Mwanamume alimpita bila kumwangalia. Alikwenda moja kwa moja hadi meza ya mbele, ambako wakili wa kiwanda alikuwa amemwekea kiti.