Upande wa Zuwena

Sinia la wali wa mbaazi lilitua mkekani, na mvuke wa nazi ukazifunika nyuso za wanafamilia kama ukungu. Bibi, ambaye macho yake yalikwisha kuzimika, alianza kuigawa nyama iliyokuwa juu ya wali kwa vidole. Minofu laini alimsogezea mjukuu wake Zuwena, kama alivyofanya tangu binti huyo akiwa mtoto. Naye Zuwena, aliyeacha kula nyama, akaisukuma kimyakimya upande wa kaka yake.

Mkono wa bibi ukarudi, ukapapasa wali mtupu.

"Umeshamaliza? Leo umekuwa fisi!"

Kaka yake akacheka. "Hali nyama siku hizi huyo, bibi."

"Kuanzia kesho nitampakulia sahani yake," mama akasema.

Zuwena akainama. Maisha yake yote hakuwahi kula nje ya sinia hili.

"Sahani ya peke yake ni ya mgonjwa," bibi akajibu. "Unaumwa, mjukuu wangu?"

"Siumwi, bibi."

"Basi mkono wangu utakupa nini?"

Vidole vya bibi vikazama tena katika wali, vikaipita nyama, vikaanza kuokota mbaazi punje moja moja, kama shanga za tasbihi, na kuzilaza mbele ya Zuwena. Mvuke ulipopungua, kilima kidogo kilikuwa kinainuka upande wake, na bibi alikuwa bado anatafuta.