Mwanamume Mmoja wa Kumsikiliza

Tangu asubuhi Opita alikuwa anatafuta mwanamume mmoja tu, mzima, mwenye ndevu, ampe mashtaka yake. Hakumpata.

Alikuwa amevuka mpaka wa Korbena peke yake, amefunga utepe wa sufu nyeupe kichwani, kama inavyompasa mjumbe wa Roma. Pale mpakani aliliita jina la Jupita na kutaja kilichomleta: watu wa Korbena wameiba ng'ombe watatu. Wawili kati yao walikuwa maksai wake mwenyewe wa kulimia. Wasiporudishwa, ni vita.

Sasa maneno ya mjumbe hayana nguvu mpaka yaingie masikioni mwa mwanamume wa upande wa pili, kabla jua halijazama. Likizama, mjumbe anarudi kwao akangoje mwezi mwandamo. Na Opita hakuwa na mwezi wa kungoja. Msimu wa kupanda ulikuwa mlangoni, na bila wale maksai shamba lake lingelala.

Kwenye shamba la kwanza aliwakuta wanawake wakichuma zabibu.

"Waume zenu wako wapi?"

"Wametoka."

"Wametoka kwenda wapi?"

"Kwani wa kwenu wakitoka huwa wanaaga, babu?"

Wakacheka mpaka vikapu vikatikisika. Shamba la pili, wanawake. Kisimani, wanawake. Kwenye zizi la kondoo alimkuta msichana na jogoo, na jogoo hahesabiki.

Opita akaanza kutabasamu kimoyomoyo. Wamesikia nakuja, alijiwazia, wamejificha. Kuiba wanaiba kama simba, kuitwa wanakimbia kama panya.

Alipofika lango la mji, jua limekwisha vuka utosi, alimkuta mama mmoja mnene anaitwa Metia, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage na wanawake wenzake.

"Karibu mjumbe. Tulisema ni leo," alisema Metia. "Ng'ombe wa Roma wakipotea, siku ya kumi mjumbe huyo hapa. Hamjawahi kuchelewa."

"Sisi ni watu wa utaratibu, mama."

"Tunawasifu kwa hilo. Kaa, miguu imekuvimba."

"Nakaa kungoja tu. Sikuja kula."

Alikula. Alikula uji mzito wa ngano na jibini la kondoo, akaongezwa bakuli la pili, na hilo hakulikataa.

"Na huko kwenu wanaume wapo?" Metia aliuliza, macho kwenye maharage yake.

"Wapo wote. Mjumbe akiwa njiani, Roma haishiki silaha. Mikuki imefungiwa hekaluni, na wenyewe wamepiga magoti kilimani mbele ya madhabahu, wananiombea. Hakuna anayeruhusiwa kuinuka mpaka nirudi."

"Hata kidogo? Hata mtu akisikia kelele?"

"Hata nyumba ikiungua. Akiinuka mmoja, safari yangu imeharibika."

"Maskini, magoti yao," alisema Metia. "Ongeza jibini."

Jua likateremka. Opita alisimama, akatazama barabara, akakaa tena. Akawaza aibu ya kurudi na maneno yake mdomoni. Akawaza shamba.

"Mama, niambie kweli. Wanaume wenu wamejificha wapi? Sitawapiga. Ni maneno tu."

"Wajifiche wapi watu wazima? Watarudi. Tutege vitendawili, muda uende. Kitendawili!"

"Tega."

"Mume wangu katoka mikono mitupu, anarudi na mali tele, na begani hana kitu."

Opita alikuna utepe wake wa sufu.

"Kuni."

"Kuni hubebwa."

"Samaki."

"Samaki nao watembee? Umeshindwa, nipe mji."

"Chukua Korbena."

"Huo ni wangu tangu nizaliwe. Nipe wa kwenu."

"Haya, chukua Roma," alisema Opita, maana mawazo yake yalikuwa kwenye jua.

"Nimepokea," alisema Metia, na wanawake wote waliokuwa langoni wakainamia maharage kwa pamoja. Jibu hakumpa. Alisema atalipata mwenyewe.

Jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili pale vumbi lilipotimka njia ya msituni. Mbele ya vumbi, wanaume. Si mmoja, zaidi ya thelathini, wameloa jasho, matope mpaka magotini, ndevu kila mmoja na zake.

Opita aliruka juu kama kijana. Alinyoosha utepe wake, akawakimbilia hatua kumi asije akalikosa jua, akainua mkono. Alisema yote. Alimtaja Jupita, akataja mpaka, akaapa kwamba anadai kwa haki, na kwamba kama anadai uongo asiione tena nchi yake. Hakuruka neno, hakurudia neno. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikigonga ukuta wa mji na kurudi, akajua huko Roma watalisimulia jambo hili miaka mingi.

Wanaume wa Korbena walimsikiliza kwa adabu kuliko alivyotarajia. Hakuna aliyemkatiza. Mmoja hata alivua kofia.

Alipomaliza, jua bado lilikuwa na kipande. Amewahi.

Kijana aliyetangulia, Vopisko mwana wa Metia, alijifuta jasho kwa kiganja.

"Umesema ng'ombe watatu, mzee?"

"Watatu. Kila mtu kwetu ni shahidi."

"Hiyo ni hesabu ya asubuhi," alisema Vopisko. "Tupishe hapo langoni, tuwaingize na wenzao."