Mkude Ndani ya Helmeti

Sheria iliruhusu safari ndefu za pikipiki kwa watu wawili tu, na marehemu naye alihesabiwa, mradi sauti yake iwekwe kwenye helmeti. Basi Sengo akaondoka Singida na marehemu rafiki yake Mkude masikioni, kukimbiza zile kilomita elfu moja za siku moja walizoahidiana zamani.

Kwenye kilomita ya mia sita alisimama, akamimina chai ya tangawizi vikombe viwili kama walivyozoea, akanywa vyote.

“Umechoka, ndugu yangu. Pumzika,” helmeti ikamwambia kutoka juu ya tanki.

Mkude mwenyewe angemwita kobe mwenye leseni, acheke mpaka chai imtoke puani.

“Nitukane basi, hata kidogo.”

“Samahani, Sengo. Matusi hayaruhusiwi.”

Akaivaa tena. Zilibaki kilomita mia nne, na sheria ilikataza kuizima.