Siti ya Mbele

Midomo ya Filomena ilikuwa sikioni mwa Hiza tena, na kamera haikuwa na sauti.

Mwaija alisimamisha cherehani. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye kopo la nyuzi, kama kila asubuhi tangu shule ifunge kamera ndani ya basi na kuwapa wazazi programu ya kuwaona watoto wao njiani. Wazazi wengine walitazama watoto. Mwaija alimtazama dereva, kwa kuwa dereva ni mume wake.

Kazi ya matroni ni kukaa nyuma na watoto. Huyu alikaa mbele. Alimwinamia Hiza, akasema neno, akanyamaza, akasema jingine. Hiza akaitikia kwa kichwa. Kisha ule mkono: vidole vya Filomena vikaligusa bega la Hiza, vikatulia, vikaondoka. Kutoka Hale mpaka Korogwe mjini, njia nzima.

"Dada Filomena huwa anamwambia nini baba?" alimuuliza mwanawe Twaha jioni, akimvua sare.

"Sijui. Sisi tunaimba."

"Hata neno moja husikii?"

"Amesema tukiimba kwa nguvu tutapata pipi."

Pipi. Mwaija alilimeza neno hilo kama mfupa wa samaki.

Na dalili alikuwa nazo siku nyingi. Hiza alinunua miwani myeusi pale Segera, akawa haivui hata mawingu yakitanda. Mwanaume mwenye mke anajipamba kwa ajili ya nani? Mwaija alishona gauni la kitenge cha njano, akasuka nywele, akasimama mlangoni. Hiza akampita kama anapita nguzo ya umeme. Dada yake Mwaija, Hajira, alianza hivyohivyo, kwa kutotazamwa. Leo yuko Handeni kwa mama yao, yeye na watoto wake na sufuria zake. Mwaija aliapa kwamba yeye Handeni atakwenda kusalimia tu.

Asubuhi iliyofuata aliipiga picha ile kwenye kioo cha simu, mdomo ukiwa sikioni, akaituma kwenye kundi la wazazi. Wivu hakuutaja. Alitaja usalama. Watoto wetu wako peke yao nyuma, aliandika, matroni yuko mbele anapiga soga na dereva. Likitokea jambo, nani atajibu?

Kundi likawaka moto. Mama mmoja wa Hale akasema hilo aliliona zamani, aliona haya tu kusema. Kabla ya adhuhuri, Mwalimu Gregori, mkuu wa shule, aliandika kwamba Filomena anahamia jikoni. Kuanzia kesho matroni ni Yuditha, atakaa nyuma na watoto, na siti ya mbele isikaliwe na mtu.

Mwaija alicheka peke yake, akashona mpaka sindano ikapata moto.

Jioni Hiza hakula.

"Nani katuma ile picha?"

"Wazazi."

"Wazazi gani?"

"Wenye watoto."

Hiza alisugua goti lake kwa kiganja. "Mwaija, kesho Twaha abaki nyumbani."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi atakwenda."

"Mke wangu, nakuomba."

Siku nyingi hakuwa amemwita hivyo. Mwaija aliona anabembelezwa ili shahidi aondolewe ndani ya basi.

"Atakwenda," alisema. "Na wewe utakwenda. Au bila Filomena basi haliendi?"



Asubuhi siti ya mbele ilikuwa tupu. Mwaija aliitazama kama mtu anavyotazama shamba lake baada ya kupalilia. Hiza alikuwa ameinama, kifua nusura kiguse usukani, uso ameukunja. Na anune. Nyuma yake Yuditha aliwapigisha watoto makofi, na Twaha alikuwa mstari wa kwanza, mdomo wazi kwa wimbo.

Mlango uligongwa. Alikuwa Filomena, kavaa sweta, simu mkononi, bodaboda iliyomleta ikiondoka nyuma yake.

"Shikamoo, dada."

Mwaija hakuitikia. "Sasa umemfuata mpaka kwangu?"

"Nimekuja kumjulia hali kaka Hiza. Mimi nimetolewa kwenye basi, nikajua leo yuko nyumbani."

"Awe nyumbani kwa lipi? Mume wangu yuko kazini." Mwaija aliichukua simu kwenye kopo, akamgeuzia kioo. "Siti yako hiyo. Iko wazi, na itabaki wazi. Tazama ushibe."

Filomena alitazama. Mkono wake ukaenda kwenye fremu ya mlango, ukaishika.

"Yuko peke yake mbele?"

"Peke yake."

"Dada," Filomena alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "sasa nani anamwambia barabara iko wapi?"

Mwaija aliigeuza simu kwake. Basi lilikuwa linaingia njia panda ya Segera. Malori yalipita madirishani, moja baada ya jingine, karibu sana. Twaha bado alikuwa anaimba.

Alimpokonya Filomena simu yake mkononi, akapiga namba ya mumewe aliyoijua kwa kichwa.

Simu ya Hiza ikawaka kwenye dashibodi, mbele ya uso wake. Mkono wake ukaacha usukani, ukapapasa kushoto, ukapapasa kulia.