Bakuli la Mlinzi

Habari zilipofika kwamba mji wa jirani umeingiwa na homa ya kuvunja viungo, wanyama wa ua mmoja walimweka Mbwa getini awalinde. Mbwa hakuwa na mchezo. Alimfukuza Njiwa aliyekuja kusalimia tu, akamfukuza na Bata aliyejitolea kuwala viluwiluwi wa mbu. Aliyemruhusu ni Kunguru peke yake, aliyerudi kutoka huko huko kwenye homa akitetemeka, kwa kuwa Kunguru alikuwa mwenyeji.

"Ugonjwa huu ni wa wageni," alisema Mbwa. Tangu hapo hakubanduka getini, hata kwenda kumwaga maji yaliyolala katika bakuli lake la kunywea.

Haukupita muda, Kuku akashikwa na homa.

"Ulikwenda wapi wewe?" Mbwa alimfokea.

"Niende wapi, kaka? Nimeatamia. Sijatoka hata nje ya banda."

Kuku akafa juu ya mayai yake, nayo mayai yakapoa.

Mbwa alikuwa bado anabweka akimtafuta mgeni aliyepenya, Mbu alipotua puani mwake mchana kweupe.

"Umeingilia wapi?" Mbwa aliuliza.

"Sikuingia, baba. Mimi ni mzaliwa wa hapa, wa bakuli lako. Nilimnyonya Kunguru, kisha nikamnyonya Kuku. Sasa nimekuja kwako."

Mbwa aliacha geti, akalikimbilia bakuli na kulipiga teke. Yalimwagika maji matupu. Ndugu zake Mbu wote walikuwa wamekwisha kuota mabawa.